Nyumba Inayongoja Mwezi

Katika sikukuu zote ambazo mwanadamu huziandalia nyumba, sijui iliyo na inda kwa mwandalizi kama Idi ya Mfunguo Mosi; kwa kuwa arusi huwa na siku yake iliyokubaliwa na wazee wa pande mbili, Krismasi ya jirani zetu haiikosi tarehe 25 Desemba, na hata Idi ya Mfunguo Tatu hutoa muhula wa siku kumi tangu mwezi wake kuandama; lakini Idi hii tunayoiita ndogo, ambayo kwa watoto ndiyo kubwa kuliko zote, humwacha mwenye nyumba jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani amesimama uani, uso ameuelekeza magharibi, hajui kama usiku unaoingia ni wa kupika pilau au wa kula daku.

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa nyumba niiendeshe kwa akili zangu mwenyewe, alasiri ya siku hiyo ya 29 nilichuma asumini kikapu kizima, nikatunga makoja, nikafunga vikuba, nikakuna nazi sita na kuzichuja tui, nikachambua na langilangi za kutapanya juu ya vitanda. Na redio ilipotangaza, baada ya kutusubirisha hata saa nne ya usiku, kwamba mwezi haukuonekana na kesho ni kufunga, tui lilikuwa limekwisha anza kuchacha, na asumini zilizolala nyeupe kama meno ya mtoto ziliamka zina rangi ya chai. Jioni ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa ya haki, mti haukubakiwa na tumba hata moja, maana nilikuwa nimeyamaliza yote, mabivu na mabichi. Wageni wangu wa kwanza walikaribishwa na nyumba isiyonukia kitu ila kitunguu. Shangazi yangu, aliyewahi mapema ili anitazame nimefanyaje, hakunilaumu, alivuta pumzi mara mbili, akaketi, akasema, "Mwanangu, matumba hungoja mtini, hayangoji kapuni."

Tangu siku hiyo kazi zote za sikukuu nazigawa mafungu mawili, vitu vyenye subira na vitu visivyo na subira, na nimeona kuwa mgawanyo huu unamfaa mwenye nyumba kubwa ya ghorofa sawasawa na mwenye chumba kimoja cha kupanga. Vyenye subira hufanywa mapema, na wakati wake mwema ni kumi la kati la Ramadhani, baina ya adhuhuri na alasiri, saa ambazo jiko limelala na mikono haina la kufanya; kumi la mwisho lina ibada zake na uchovu wake, wala si busara kulitwisha mzigo wa mapambo. Visivyo na subira haviguswi mpaka habari ya mwezi ithibiti.

Nianze na mkeka, kwa sababu mgeni wa pwani huuona mkeka kabla hajaona kitu kingine chochote, naye akivua viatu mlangoni huuonja kwa nyayo. Asidhani mtu kuwa ataanza kusuka mkeka mpya katika mwezi wa mfungo akaumaliza; ukili wa mkeka mmoja ni kazi ya majuma mengi, na kuushona ni kazi nyingine. Walakini ukili wenyewe, pima mbili au tatu tu, uwe umesukwa na mikono yako au umenunuliwa kwa wanawake wausukao, ni pambo lisilokwisha matumizi: hushonwa ukingoni mwa kitambaa cha meza, hufungwa katika pazia ili lisipepee, huzungushwa kwenye makopo matupu ya maziwa yakawa vyombo vya maua, na kipande kinachobaki kikikunjwa duara na kushonwa huwa kikalio cha birika la moto. Anayetaka rangi ya nyumbani auchemshe ukindu wake katika maji ya manjano iliyotwangwa, naye atapata njano tulivu isiyoumiza macho. Na weusi wa zamani ulitoka katika mizizi ya mdaa. Jambo moja asisahau, nalo ni kuulowesha ukindu kabla ya kuusuka, kwani mkavu hukatika, na ukikatika katikati ya kazi huharibu pia tabia ya msusi.

Kawa, lile pambo la ukili linalofunika sinia mfano wa kofia ya pia, siku hizi limesahauliwa katika nyumba nyingi, nafasi yake ikachukuliwa na vifuniko vya wavu wa plastiki. Mimi silaumu mtu kwa plastiki. Lakini sinia la chakula likiletwa mbele ya watu limefunikwa kawa lenye mistari ya zambarau na kijani, mazungumzo husimama kidogo, shingo zikanyoshwa, na yule anayelifunua hulifunua taratibu kama afunguaye barua. Nao wavu huonyesha wali tangu mlangoni, ikawa hakuna la kufunuliwa.

Vifuu ndivyo vilivyonipa furaha kubwa kuliko kazi zote za mkono, huenda ikawa ni kwa sababu mali yake haina thamani na kila jiko huvitupa. Nazi ipasuliwe vizuri, kwa kugongwa mgongo wa panga kiunoni huku ikizungushwa, ipate kugawika nusu mbili zilizo sawa. Baada ya kuikuna juu ya mbuzi, tazama nusu zako. Moja ina yale macho matatu, na jicho mojawapo ni laini, hutoboka. Hiyo haifai kuwekea kitu cha maji, lakini hufaa sana kwa kutundika, ukapitisha uzi katika tundu hilo. Nusu ya pili ndiyo bakuli. Ondoa nyuzi za nje kwa kisu, paruza kwa kigae cha chupa ukiwa umejifunga kitambaa mkononi, kisha sugua kwa majani ya msasa, mti ambao umeipa jina lake hata ile karatasi ya seremala. Sugua ukienda upande mmoja, bila haraka, mpaka vumbi linalotoka liwe jororo kama poda. Hapo paka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, acha yanywewe usiku kucha, paka tena. Kifuu kilichokuwa na sura ya mwitu hugeuka cheusi chenye mng'ao wa mpingo, na mishipa yake hafifu huonekana. Kikalishe juu ya pete ya ukili kisiyumbe, tia tende ndani yake. Kisitiwe kitu cha moto, kisiloweshwe majini, nacho kitakuwapo Idi ijayo na ile ya baadaye.

Karatasi za shashi ni kazi ya watoto, na kwao isiingiliwe mno. Uji mzito wa unga wa ngano ndio gundi yao, uzi wa kushonea ndio kamba yao, na makosa ya mikasi yao ndiyo mapambo yenyewe. Mkubwa ahifadhi mambo mawili tu. La kwanza ni moto: shashi isipite juu ya kandili, wala juu ya chetezo, wala mahali pepo za mlango zinapoweza kuipeperusha kuelekea huko. La pili ni mvua. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, Idi hurudi nyuma kila mwaka, na katika muda wa miaka kama 33 huwa imezizunguka nyakati zote, ya kaskazi na ya kusi, ya masika na ya vuli; basi pambo lililokuwa jema mwaka fulani barazani hugeuka balaa likitundikwa mahali pale pale katika mvua za masika. Ukuta wangu wa mbele una mfereji wa rangi ya waridi ulioshuka kutoka katika bendera za shashi hadi chini, na chokaa ya mara mbili haijaufuta. Sikukuu ya masika ipambiwe ndani, na jamvi kuukuu litandikwe mlangoni kwa ajili ya matope. Ya kaskazi ipambiwe nje, chini ya mti, pale joto linapowasukuma watu wenyewe.

Nakuja kwenye kanga, na hapa sina budi kukiri kosa. Doti moja ya kanga, ikikatwa na kupindwa, hutosha kuvisha mito minne ya kuegemea. Mji wake ukinyoshwa ukutani kwa misumari midogo minne huwa picha, na pindo lake huwa fremu iliyokuja na picha yake. Hapana pambo rahisi zaidi. Ila kanga ni kitu kinachosema, na mimi, kwa kupendezwa na wekundu wake na maua yake ya mkorosho, niliitundika moja katika ukuta unaotazamana na mlango pasipo kuangalia maandishi, nikatoka kwenda jikoni. Akaja wifi yangu, ambaye miezi miwili kabla yake tulikuwa na maneno juu ya cherehani ya mama mkwe, akaketishwa na watoto mahali pa heshima, akainua macho, akasoma: HASIDI HANA SABABU. Akaketi akiisoma siku nzima. Mimi niliyekuwa nikipita na sinia sikuelewa kwa nini kila nikimkaribisha ananijibu kwa tabasamu la nusu mdomo, mpaka magharibi nilipokaa nami, kwa mara ya kwanza siku ile, nikatazama kule anakotazama. Basi msomaji, isome kanga yako kabla hujapiga msumari, uisome kwa macho ya kila mtu utakayemkaribisha. Na kama mafumbo yanakutisha, chagua yenye dua au yenye salamu, au uikunje ili maandishi yabaki nyuma.

Kosa lenyewe, nikilitazama leo, halikuwa la kanga peke yake. Lilikuwa la mwenyeji aliyeshinda wima tangu alfajiri hata magharibi, asipate kuketi mara moja mahali pa mgeni na kuiona nyumba yake jinsi mgeni anavyoiona. Na sababu iliyomnyima kuketi ilikuwa karai la kaimati. Vitafunio navyo viko vyenye subira na visivyo na subira. Kaimati ni za saa ile ile; zikipita saa mbili hulegea, shira huzama ndani, na mwenye kuzipika hawezi kuliacha karai. Visheti huvumilia kitambo, vikiwa vimekaangwa vizuri na sukari yake imekauka. Ama vileja, hivyo ndivyo rafiki wa kweli wa Idi isiyojulikana siku yake: unga wa mchele uliochekechwa, samli nusu ya uzito wake, sukari iliyosagwa nusu ya uzito wake, kiini cha yai, iliki, na tone la marashi, wasio na oveni wavipange sufuriani, moto mdogo chini na makaa juu ya kifuniko. Unga uwe wa kushikamana ukifumbatwa na kumomonyoka ukisukumwa kwa kidole. Ukiulainisha zaidi ya hapo, vileja vitatandaa kama chapati. Vikipoa na kutiwa ndani ya bati lililofungwa barabara hukaa majuma bila kupungukiwa na ladha, na mwezi unaweza kuchelewa utakavyo. Mimi sasa huandaa sinia la vileja, visheti na tende, dele la kahawa chungu yenye tangawizi, na gudulia la sharbati ya ukwaju. Kaimati nawaachia majirani, ambao huleta nyingi mno hata hivyo.

Hivyo ndivyo vya kumi la kati. Siku ya 28 nakata kuti moja bichi la mnazi, nalipasua katikati ya uti wake toka juu mpaka chini, na kila nusu naisuka kumba, nikilipitisha jani moja juu na moja chini, kisha nazifunga mbili hizo pande mbili za mlango zikutane juu. Kuti huvumilia siku tatu likiwa na ukijani wake. Kwa hiyo lililofungwa siku ya 28 lina jibu kwa hali zote mbili, mwezi uwe umeandama au haukuandama. Ni pambo la arusi na la mapokezi ya wakubwa tangu zama za wazee, nalo halimgharimu mtu ila kumwomba kijana apande mnazi.

Asumini, nilizozikosea mwaka ule, zina elimu yake ndogo. Jioni yoyote mtini pana matumba ya namna mbili: yaliyonona na kuwa meupe kabisa, ambayo yatafunguka usiku ule ule, na yaliyo madogo yenye kijani, ambayo zamu yake ni kesho na kesho kutwa. Yachumwe yale meupe peke yake, baada ya alasiri, kabla hayajafumbua mdomo. Uzi wa pamba na sindano nyembamba vipite katika kikonyo, si katika ua. Na koja likishatungwa livingirishwe katika jani bichi la mgomba lililonyunyiziwa maji, liwekwe mahali pa baridi. Usiku hufunguka humo humo ndani ya jani, na asubuhi unapolifunua, harufu hukutangulia kuingia sebuleni. Kama mwezi haukuonekana, si hasara; koja la siku ya 29 litundike chumbani mwako, na mti utakupa jingine kesho. Kwa vikuba, asumini tatu nne zifungwe pamoja na kijiti cha mrehani, kipande cha mkadi na, kwa anayepata, kilua. Uzi uzungushwe mara tatu, marashi yadondoshwe. Kimoja hutiwa katika kila mto, na vinavyobaki hukaa sahanini karibu na mlango, maana vina kazi mwisho wa siku.

Udi haufai kufukizwa mbele ya watu walioshiba wakakohoa. Kaa liache lijivike jivu jeupe kwanza, kwani kaa jekundu huuunguza udi ukatoa moshi wa kuni. Tia vipande viwili vidogo chetezoni, zunguka vyumba vyote milango ikiwa imefungwa, anza na kanzu na kanga za kuvaa, na kabla ya mgeni wa kwanza fungua madirisha yote. Wako wanaounga udi wao wenyewe kwa sukari iliyopikwa, unga wa udi na mafuta ya kunukia, kazi nzuri kwa mwenye kuijua, na isiyofaa kabisa kujifunzwa usiku wa sikukuu, maana sukari ya moto haina msamaha. Na kama unatarajia jamaa waliotoka Maskati au kwingineko Omani na Ghuba, kumbuka kuwa kwao udi ukishapitishwa kwa wageni ni alama kwamba mazungumzo yamefika ukingoni. Usije ukawapitishia chetezo kwa bashasha nao ndio kwanza wameketi, wakainuka kwa adabu na kuaga.

Alfajiri ya Idi yenyewe haina kazi ya mikono isipokuwa moja iliyo faradhi kuliko mapambo yote, nayo ni Zakati ya Fitri, pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba, ifike kwa wanaostahiki kabla ya sala. Mimi huipima tangu usiku katika vipakacha vidogo vya kuti, kimoja kwa kila mtu wa nyumbani, mpaka cha mtoto aliye mgongoni, na watoto ndio wanaovipeleka. Wakirudi wanakuta fungu lao: mkono wa Idi, sarafu zilizotiwa katika vifuko vilivyoshonwa kwa masalio ya ile kanga ya mito. Andaa vifuko vingi kuliko watoto unaowajua. Watakuja wa mtaa wa pili na wa tatu wakiongozwa na wako, wamesimama mstari mlangoni wanasema shikamoo kwa sauti moja, na hapo si mahali pa kuanza kutafuta chenji.

Halafu keti. Mpe binti au kijana dele, mfunze kumimina kahawa kidogo kidogo na kuchukua kikombe kwa mkono wa kuume, nawe ukae juu ya mkeka wako, mgongo ukutani, uulize habari za wagonjwa na za wasafiri.

Mgeni anapoaga, asitoke mikono mitupu. Sasa ndiyo zamu ya vile vikuba vya sahanini; mwanamke hukitia kimoja kifuani au nyweleni. Na vileja vitano sita vilivyofungwa katika kipande cha jani la mgomba humfuata aliyebaki nyumbani mgonjwa. Siku ile ya makosa yangu nilimletea wifi sahani nzima achague, nami nikiwa nimekwisha omba radhi mara mbili. Akakitazama kikuba, akavitazama vileja, akasema la, yeye anaitaka ile kanga. Niliing'oa ukutani misumari yote minne, nikaikunja, nikamfungia. Idi iliyofuata nilikwenda kwake mimi, nikakaribishwa, nikaketishwa mahali pa heshima. Nikainua macho, nikaikuta imenyoshwa vizuri juu ya mlango wa jikoni kwake, pindo limepigwa pasi, nikaisoma taratibu, herufi moja moja, mpaka kahawa ikaja.